Usingizi wa Baba Nasra

Mume wangu ni koplo wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hapa Dar es Salaam. Ana pikipiki nzuri, ameinunua kwa jasho lake, na haendi nayo kazini. Kwenda si tatizo: anaondoka amelala, amekula, macho yako sawa. Shida iko kwenye kurudi. Kituoni kwake zamu ni ya saa 24, anatoka asubuhi wakati Barabara ya Mandela imejaa malori ya bandarini, na usiku huo huenda ameamshwa mara kadhaa au hajaweka ubavu chini kabisa. Nilimwambia, "Baba Nasra, umeokoa watu usiku kucha, asubuhi nani atakuokoa wewe?" Alinyamaza, kisha akakubali. Sasa anarudi kwa daladala, na akichoka kupita kiasi ananipigia, namtuma kijana wa bodaboda wa kijiweni kwetu, tunayemjua mpaka kwao, akamchukue.

Wapo walioona nina wasiwasi mwingi. Lakini mwaka 1997 watafiti wa Australia walipima jambo hili. Waliwakesha watu, wakawapa kazi ndogo ya macho na mikono, kisha siku nyingine wakawanywesha pombe na kuwapa kazi ileile. Mtu aliyekaa macho saa 17 alifanya vibaya sawa na mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Alipofika saa 24, ikawa kama asilimia 0.10. Baba Nasra hajaonja pombe maishani mwake, na hata hivyo kuna asubuhi anaposhuka kituoni akiwa hana tofauti na mtu aliyetoka baa.

Hayo alinieleza wifi yangu. Yeye ni muuguzi, zamu za usiku anazijua kwa mwili wake mwenyewe. Mengi nitakayoandika hapa nimeyapata kwake, mengine nimeyasoma kwenye simu usiku mume wangu akiwa kazini, na mengine nimeyaona ndani ya nyumba yangu. Nayaandika kwa sababu wanawake wenye waume zimamoto wananiuliza, na wapo wanawake ambao wao wenyewe ni askari wa zimamoto nao wananiuliza, na yamekuwa mengi mno kuyarudia kwa kila mmoja kwa sauti za WhatsApp.

Mimi ni fundi cherehani. Tunakaa Tandika, vyumba viwili na sebule, kwenye nyumba ya kupanga yenye familia nne na uwanja mmoja wa kufulia. Anayeijua Tandika anajua kulala mchana huko ni kazi. Muuza samaki anapita anaita. Watoto wa chekechea wanarudi saa tano. Kijana wa chumba cha mbele ana sabufa yake na mapenzi yake ya singeli. Na juu ya yote hayo kuna jua na joto la mwezi wa pili.

Nilianza na pazia kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua. Wifi aliniambia kwamba mwanga ukiingia machoni ubongo unajua ni mchana, unazuia homoni inayoleta usingizi, hata kama mtu amechoka vipi. Ndiyo maana anayelala mchana hulala kidogo na kwa wepesi, anashtuka na kila kitu. Nikanunua kitambaa kizito cha kahawia kwa nje na bitana nyeusi kwa ndani, nikavishona pamoja. Kitambaa kizito peke yake hakitoshi. Jua la Dar linapenya. Tena mwanga mwingi hauingii katikati ya pazia, unaingia pembeni na juu. Kwa hiyo upana niliuzidisha shubiri nzima kila upande wa dirisha, urefu nikaushusha mpaka sakafuni, na fimbo nikaisogeza karibu kabisa na ukuta. Ukiingia chumbani saa nne asubuhi, mkono wako huuoni vizuri.

Pazia la namna hiyo lina gharama yake: linakata upepo. Mwili hauwezi kuzama usingizini mpaka upoe kidogo, kwa hiyo bila feni ni mateso. Feni tumeielekeza miguuni. Umeme ukikatika nafungua mlango wa ndani unaotazama korido, naacha pazia lilivyo, maana heri joto kidogo kuliko mwanga. Chandarua kinabaki mchana pia, mbu wa Tandika hawana saa.

Kabla ya kulala anaoga. Namaanisha kuoga kwa sabuni na dodoki, kichwa, shingo, nyuma ya masikio, kwenye kucha. Nguo za kazini haziingii chumbani, zina ndoo yake nje. Mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lile lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya zimamoto kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, kundi la kwanza kabisa. Na tangu 2007 shirika hilohilo lilikuwa limeshaiweka kazi ya usiku inayovuruga saa ya mwili kwenye kundi linalofuata, la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Mume wangu yuko kwenye makundi yote mawili. Moshi siwezi kumzuia asiuendee, ndiyo kazi aliyoapa. Masizi kitandani nayazuia.

Halafu kelele. Cherehani yangu nimeihamishia barazani, na asubuhi anayotoka zamu siikanyagi. Nakata vitambaa, nashona mapindo kwa mkono, naweka vifungo. Wateja wangu wamezoea: siku hizo nguo zinachukuliwa jioni. Kijana wa sabufa nilimfuata mwenyewe. Nilimweleza kwa utulivu kazi ya mume wangu, nikamwambia huyu ndiye atakayekuja chumba chako kikishika moto, naomba alale. Alielewa haraka kuliko nilivyotarajia, akasema, "Shida mimi sijui lini katoka zamu, mama." Alikuwa na haki. Zamu zinazunguka, hazifuati Jumatatu wala Jumanne. Tukakubaliana kwamba Baba Nasra akiwa amelala nitatundika kanga nyekundu kwenye kitasa cha mlango wa mbele. Sasa uwanja mzima unaijua hiyo kanga. Watoto wanaendea kucheza kwa Mama Shaibu, anayeleta gesi hagongi mitungi, na hata mwenye nyumba siku ya kodi akiiona anageuza, anarudi jioni.

Simu yake inalala na mimi barazani. Hili lilikuwa gumu kuliko mengine yote, kwa sababu askari wa zimamoto anaweza kuitwa hata akiwa mapumzikoni yakitokea makubwa, na yeye aliona kuiacha simu ni kuacha kazi. Tulipatana kwamba napokea mimi. Ya kituoni namwamsha palepale. Ya shemeji anayeuliza habari za kiwanja itasubiri.

Kuna swali ninaloulizwa sana: alale mpaka saa ngapi? Kwetu anaamka karibu na adhuhuri, anaswali, anakula, anatoka juani. Akilala mpaka alasiri, usiku anakesha anatazama dari, na kesho yake hajui yuko wapi. Saa zilizobaki anazimalizia usiku, baada ya isha, mapema. Mtu mzima anahitaji saa saba na kuendelea kwa siku, na deni la usiku mmoja halilipwi kwa mchana mmoja. Ramadhani ratiba hii inavurugika, tarawehe huku, daku kule, na wakati huo namwomba apunguze mambo mengine yote, mikutano ya mtaa, safari za Mbagala, ili alale kidogo baada ya adhuhuri.

Sasa kuhusu kengele ya kituoni, maana huko ndiko usingizi unakovunjwa.

Wifi alinichorea kwenye karatasi ya kukatia nguo. Usingizi unakwenda kwa mizunguko, kila mmoja kama dakika 90. Mwanzo wa usiku mizunguko ina usingizi mzito, ule ambao mwili unajijenga ndani yake. Kuelekea alfajiri ndoto ndizo zinazozidi, na ndizo zinazosaidia akili kupanga kumbukumbu na hisia. Kengele ya saa sita usiku inakata ule wa kwanza. Kengele ya saa kumi alfajiri inakata huu wa pili. Na hata usiku ambao haikulia, mtu anayeisubiri halali sawasawa. Sikio moja liko macho. Baba Nasra anasema usiku mtulivu kituoni humchosha karibu sawa na usiku wenye moto.

Halafu kuna zile dakika za kwanza baada ya kushtuliwa. Mtu akitolewa kwenye usingizi mzito ubongo wake hauwaki wote kwa pamoja. Anasimama, anavaa buti, anaongea, lakini hukumu yake bado iko nyuma, na hali hiyo inaweza kudumu nusu saa na zaidi. Fikiria dereva wa gari lenye maelfu ya lita za maji akitoka getini katika hali hiyo, saa tisa usiku, wakati ambao hata joto la mwili liko karibu na kiwango chake cha chini kabisa. Timu yake wana desturi niliyoipenda sana: anayepokea taarifa anaitaja sehemu kwa sauti, mtaa, jengo, alama ya karibu, na mwingine lazima airudie neno kwa neno kabla gari halijaondoka. Dereva ananawa uso kwa maji ya baridi. Ndani ya gari hawakai kimya, wanaongea. Ni mambo madogo yasiyogharimu hata shilingi, na yamezuia gari kwenda Mtoni wakati moto uko Mtongani.

Nimesoma kwamba huko Marekani vituo kadhaa vimebadilisha kengele zenyewe: sauti inaanza chini na kupanda polepole badala ya kulipuka, na taa za bwenini zinawaka nyekundu kwanza badala ya nyeupe, ili moyo usirukishwe. Sioni kwa nini jambo hilo lishindikane hapa. Taa nyekundu inauzwa kila duka la umeme.

Na ninyi mnaopiga 114 kwa mzaha, au mnaowaachia watoto simu wapige: kila mlio wa uongo usiku unaamsha bweni zima. Watu wale wanakimbia wakiwa wamevaa nusu, moyo unadunda, wanaambiwa hakuna kitu, wanarudi kitandani, na usingizi haurudi. Saa mbili baadaye nyumba ya mtu inaungua kweli, na wanaokuja ni hao uliowachosha.

Nije kwenye kukoroma, kwa sababu hapa ndipo ninapotaka kila mwanamke aliyelala karibu na mzimamoto anisikilize.

Baba Nasra anakoroma kama trekta. Kwetu mtu akikoroma watu husema amechoka, mwacheni alale. Mimi kilichonitisha hakikuwa ile sauti. Kilikuwa ule ukimya. Alikuwa akikoroma, anakoroma, halafu kimya kabisa, kifua kinajaribu kupanda lakini hewa haipiti. Nalala nimetega sikio, nahesabu moyoni. Halafu anakurupuka kwa mkoromo mmoja mkubwa kama mtu aliyetoka kuzama majini, anageuka, inaanza upya. Asubuhi hakumbuki lolote. Anaamka mdomo mkavu, kichwa kinamuuma, na ametoka kulala kwa muda wa saa nane lakini akikaa kwenye kochi dakika tano tu kidevu kinaanguka kifuani.

Nilimrekodi kwa simu. Kwa maneno tu asingekubali, lakini alipojisikia mwenyewe alikaa muda mrefu ameishika ile simu. Wifi akasema twende kwa daktari wa masikio, pua na koo. Daktari alimpima koo, akampima mzunguko wa shingo, akapima presha, ikawa juu. Kisha akampa kifaa kidogo cha kulala nacho nyumbani, kinafungwa kidoleni na kinyuzi kinakaa puani, kinahesabu pumzi na hewa ya oksijeni kwenye damu usiku kucha.

Jibu lilikuwa kwamba pumzi zake zinakatika usingizini. Misuli ya koo inalegea mno, njia ya hewa inajifunga sekunde kumi au zaidi, oksijeni inashuka, ubongo unashtuka na kumwamsha nusunusu ili avute hewa, na hayo yanajirudia usiku mzima bila yeye kujua. Moyo unafanya kazi ya kukimbia wakati mtu amelala. Ndiyo sababu presha ilikuwa inapanda.

Nilipokwenda kusoma ndipo nilipoona ukubwa wake. Mwaka 2015 ulitoka utafiti wa Marekani uliowapima karibu wazimamoto 7,000 kutoka idara 66 za zimamoto. Asilimia 37 walikuwa na dalili za ugonjwa mmojawapo wa usingizi, na unaoongoza ulikuwa huuhuu wa pumzi kukatika, asilimia 28. Zaidi ya asilimia 80 ya hao wenye dalili hawakuwa wamewahi kuambiwa na daktari kwamba wanaumwa. Wenye dalili ndio pia waliokuwa na ajali nyingi zaidi za barabarani, na kisukari zaidi, na maradhi ya moyo, na sonona. Na moyo ndio unaowaua: utafiti mwingine wa hukohuko Marekani, wa mwaka 2007, uliangalia wazimamoto waliokufa wakiwa kazini na kukuta asilimia 45 ya vifo ilitokana na maradhi ya moyo. Hao ni wa Marekani, najua, wana maisha yao na vyakula vyao. Lakini koo ni koo. Nikiwaangalia wenzake Baba Nasra, wanaume wanene kiasi, shingo pana, wanaosinzia wakikaa tu, siamini kwamba ni yeye pekee.

Wenye hali kali hupewa mashine inayosukuma hewa kwa barakoa usiku kucha ili koo lisijifunge. Yake ilikuwa ya wastani, na kile kifaa kilionyesha kwamba pumzi zilikuwa zinakatika zaidi akilala chali. Akilala ubavu zinapungua sana. Daktari akasema basi tuanzie hapo: asilale chali, na apunguze uzito. Sasa utamzuiaje mtu aliyelala asigeuke? Nilikuwa na jibu kabla hatujatoka kwenye kile chumba. Nilichukua fulana yake ya kulalia, nikashona mfuko mgongoni, katikati ya mabega, nikatia mpira wa tenisi na kuufunga kwa zipu. Akigeuka chali mpira unamsumbua, anarudi ubavuni bila kuamka. Nilitumia kitambaa cha pamba kinachovutika ili kisimbane, na mfuko nikaushona kwa mshono wa mara mbili, maana wa kwanza ulichanika. Madaktari wenyewe wanaijua njia hii, mimi nimeongeza zipu tu, ili mpira utoke siku ya kufua.

Uzito ulichukua muda. Usiku kituoni walikuwa wakila ugali mkubwa saa nne, kisha kulala. Siku hizi anakula mapema, saa kumi na mbili jioni, na usiku akiamshwa anakula ndizi au karanga. Anatembea kutoka kituo cha daladala badala ya kupanda bajaji. Tulirudi kupima, presha imeshuka, pumzi zinazokatika zimepungua sana. Maumivu ya kichwa ya asubuhi yameisha. Mimi mwenyewe nalala.

Kwa hiyo usimsikilize anayekwambia kukoroma ni uchovu. Tega sikio, sikiliza kama kuna kimya katikati. Yeye mwenyewe hawezi kujisikia.

Kwenye dawa nitakuwa mfupi. Piritoni ni dawa ya mafua na mzio. Najua watu wanameza mbili ili walale, nimeziona kwenye mifuko ya mashati ya wengi. Zinalewesha mpaka kesho yake, na askari aliyemeza piritoni saa nne usiku ndiye anayeitwa saa nane kupanda ngazi. Vidonge vyenyewe vya usingizi pia vinaweza kulegeza koo zaidi kwa mtu mwenye ugonjwa kama wa mume wangu. Asimeze mtu kitu bila daktari anayejua kazi yake ni ipi. Kahawa ni nyingine. Nusu ya kahawa uliyokunywa bado iko mwilini baada ya saa tano au sita, kwa hiyo vikombe vya kahawa chungu vya alfajiri, vile alivyokuwa akivinywa na wazee pale msikitini akisubiri gari, vilikuwa vinamfuata mpaka kitandani. Aliviacha. Anavinywa mwanzo wa zamu.

Liko jambo ambalo pazia na fulana havikuligusa.

Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo. Wengi mnakumbuka, nchi nzima ilikuwa inatazama. Watu walikuwa wamenasa chini, baadhi yao wakiongea na waokoaji, na wakapelekewa oksijeni, maji na glukosi kupitia matundu. Kazi iliendelea usiku na mchana kwa siku kadhaa. Mume wangu alikuwa pale, na wenzake, na askari wa vikosi vingine, na wananchi wa kawaida waliochimba kwa mikono.

Aliporudi nyumbani alilala kama jiwe siku ya kwanza. Baada ya hapo usingizi ukamkataa. Kanga iko mlangoni, chumba giza, feni inazunguka, na yeye yuko macho. Alikuwa anasikia sauti. Hakuniambia mara moja. Aliniambia usiku mmoja tukiwa barazani, na aliyoniambia hayo sitayaandika, ni yake. Akipata usingizi alikuwa anarusha mikono, anachimba. Nasra alimsikia akipiga kelele, akaniuliza kama baba anaumwa. Nikamwambia ndiyo, anaumwa, na atapona.

Wifi ndiye aliyetufundisha la kufanya. Kwanza, asilazimishe. Mtu akikaa kitandani macho wazi usiku baada ya usiku, kitanda chenyewe kinageuka kuwa mahali pa kukesha, na mwili unajifunza hivyo. Kwa hiyo ikipita kama dakika 20 hajalala, anaamka, anakuja sebuleni, taa ndogo, simu hashiki. Alikuwa anashika tasbihi, au ananisaidia kuviringa uzi. Usingizi ukimjia anarudi. Na hata kama amelala vibaya vipi, asubuhi ya siku asiyo na zamu anaamka saa ileile. Mwanzo ilionekana kama ukatili. Baada ya wiki chache ilianza kufanya kazi.

Pili, aongee na mtu anayejua kusikiliza. Hapa ilikuwa vita. Askari akisema halali kwa sababu ya aliyoyaona, anaogopa ataitwa dhaifu. Alianza na mwenzake mmoja waliyekuwa pamoja kwenye kifusi, na wote wawili wakakuta wanasikia vitu vilevile. Kisha wakaenda wote wawili kwa mshauri nasaha hospitalini. Waliendelea kwenda. Ndoto hazijaisha kabisa, likitokea tukio jengine kubwa zinarudi kwa siku kadhaa, lakini sasa anajua zikija afanye nini na ampigie nani.

Kinachoniuma ni namna tunavyosifia kukesha. Msibani, harusini, mtaani, watu wanamwambia mume wangu, "Nyie makamanda, hamlali." Wanasema kwa heshima, na yeye anatabasamu. Lakini askari asiyelala anasahau kukagua mtungi wake wa hewa. Anakosea hatua kwenye ngazi. Anakuwa mkali kwa watoto bila sababu, halafu anajilaumu. Kijana akilala kidogo mchana akiwa zamu anaitwa mvivu, wakati usingizi wa dakika 20 au 30 baada ya chakula cha mchana unaweza kumpunguzia uchovu wa zamu ndefu. Tungekuwa tunamsifu kwa kulala.

Mwaka huu wanawake sita wa kituo kile tulikwenda kumwona mkuu wa kituo. Wawili kati yetu ni askari wenyewe, wanne ni wake wa askari. Tulimwamkia, tukakaa, tukaeleza. Nilikuwa nimeandika kwenye daftari langu la vipimo. Hatukuomba fedha. Tuliomba waliotoka kwenye tukio usiku wasioshe magari asubuhi hiyo, waoshe wanaoingia. Tuliomba mapumziko ya kulala mchana yawekwe kwenye ratiba rasmi, yasiwe ya kujificha. Tuliomba watu wapimwe presha na shingo, na waulizwe kama wanakoroma. Na tuliomba madirisha ya bwenini yawekewe mapazia, maana taa za barabarani zinawapiga usoni usiku kucha.

Alitusikiliza mpaka mwisho. La kuosha magari alilibadilisha wiki hiyohiyo. La kulala mchana alisema lazima apate idhini juu yake, lakini hatamwandikia mtu kosa kwa kufumba macho nusu saa baada ya chakula. Upimaji wifi yangu na wenzake wawili waliufanya Jumamosi moja kwa kujitolea, na askari kadhaa sasa wanakwenda kliniki.

Mapazia tumechangishana wenyewe. Madirisha mawili nimemaliza, yameshatundikwa. La tatu, linalotazama barabara, ni pana kuliko vipimo nilivyoletewa, kwa hiyo nasubiri mita tatu zaidi za bitana nyeusi.